Bakora Yenye Kitu Tumboni

Henzirani, yaani bakora ya mti mwepesi wa jamii ya mwanzi, ikiwa nzuri na yenye urefu wa sentimita 90 ni nyepesi mno. Ukiishika kwa vidole viwili unaweza kuisahau mkononi. Basi mtu akikupa henzirani ambayo kichwa chake kinavuta chini, au ambayo ukiitikisa karibu na sikio unasikia mlio mdogo wa chuma kikigusa mti, usihangaike kwanza kuuliza bei. Uliza inafunguka wapi.

Mimi ni fundi saa, na duka langu liko jirani na Kisutu, Dar es Salaam. Kwa zaidi ya miaka ishirini, fedha ambayo mke wangu angependa iende kwenye mambo ya maana nimekuwa nikiipeleka kwenye bakora za kale zenye ufundi uliofichwa ndani: upanga, darubini, saa, chupa ya pombe, kiti, rula, filimbi. Nilianza kwa bahati, kwa sababu mtu aliniletea fimbo yenye saa kichwani akitaka nimtengenezee saa tu, na nilipomaliza kazi hiyo nikajikuta nimevutiwa zaidi na jinsi saa ile ilivyokaa ndani ya mti kuliko saa yenyewe. Kuna maswali ambayo wateja huniuliza kila mara wanapoziona ukutani, nami leo nitayajibu kwa maandishi.

Watu wa pwani hatuhitaji kuelezwa heshima ya bakora. Khatibu huishika anaposimama kwenye mimbari siku ya Ijumaa, na wazee wetu walioga, wakavaa kanzu na koti, kisha wakachukua bakora kabla ya kuvuka kizingiti. Hatuhitaji pia kuelezwa uvumi wake. Wenye umri wangu wanakumbuka yale yaliyokuwa yakisemwa mitaani kuhusu kifimbo cha Mwalimu Nyerere. Mtu mkubwa akishika fimbo, watu hawakubali kwamba ni fimbo tu. Dhana hiyo ni ya kale sana. Simulizi mashuhuri ya Bizanti inadai kwamba karibu mwaka 552, katika utawala wa Justinian, mayai ya nondo wa hariri yaliingizwa kwa siri kutoka mashariki yakiwa yamefichwa ndani ya fimbo yenye uwazi.

Hata hivyo, bakora tunazokusanya sisi nyingi ni za karne ya 19 na miaka michache ya mwanzo wa karne ya 20. Huko London, Paris na Vienna wakati huo, mwanamume mwenye cheo hakutoka nyumbani bila fimbo, na mafundi walikuwa tayari na mashine za kukereza mti na kuvuta mabomba membamba ya chuma kwa vipimo sahihi. Mkono mmoja wa mteja ulikuwa umeshikwa na fimbo mchana kutwa, na fundi alijiuliza kitu gani kingine mkono huo ungependa kubeba. Daktari alipata fimbo yenye kichwa cha matundu, ndani yake sponji iliyolowa siki na manukato, kwa imani ya zamani kwamba hewa mbaya ndiyo iletayo maradhi. Wapenda muziki wa Vienna walikuwa na filimbi iitwayo czakan, ambayo ni fimbo ya kutembelea hasa. Mjini Berlin, mwaka 1903, ilitoka fimbo yenye kamera kwenye mpini, ikiitwa Ben Akiba. Mchoraji Toulouse-Lautrec, ambaye miguu yake haikukua sawasawa, alikuwa na fimbo yenye uwazi wa kubebea pombe, nayo iko katika makumbusho yake mjini Albi, Ufaransa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza mtindo huo ulififia, kwa sababu gari, mkoba wa ofisini na saa ya mkononi vilimpunguzia mtu haja ya fimbo. Saa ya mkononi, ambayo imenilisha mimi na wanangu, ndiyo iliyoiua fimbo ya saa.

Nitaeleza moja kwa kirefu, kwa kuwa ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Niliipata Ilala, ndani ya fungu la miavuli mibovu na fimbo za mapazia, na muuzaji aliihesabu kuwa mwavuli uliopoteza kitambaa. Kwa nje ni henzirani ya rangi ya asali iliyoiva, ina mpini uliopinda wa pembe ya ng'ombe, na chini ya mpini kuna noleo, yaani pete ya kukaza kiungo, la fedha lenye upana wa kidole. Ukishika mwili kwa mkono wa kushoto na kuuvuta mpini juu, hutoka taratibu rula ya mraba ya mti mgumu wa manjano, imechorwa mistari na namba ambazo hazilingani na sentimita wala futi. Ubavuni mwa rula, karibu na mpini, umelala mkono mwembamba wa shaba ya njano uliofungwa kwa bawaba. Ukiuinua unasimama kwa pembe mraba, na ndani yake kuna kichupa cha kioo chenye kimiminika na povu moja, sawasawa na pima maji ya fundi mwashi. Hiyo ni fimbo ya kupimia farasi. Namba zile ni viganja, kila kiganja inchi 4, yaani karibu sentimita 10.2. Mnunuzi alikwenda mnadani kama mtu aliyejitembelea tu, akasimama kando ya farasi, akavuta rula, akaushusha mkono wa shaba hadi kwenye kinundu cha mabega, akatazama povu limekaa katikati, akajua papo hapo kama dalali amemdanganya kimo. Nani aliileta Dar es Salaam, katika nchi ambayo mbung'o hawakumpa farasi nafasi, ni jambo ambalo fimbo yenyewe haisemi.

Fimbo hiyo imenifundisha kanuni ninayoitumia kwa zote: bakora yenye siri husomwa kwenye kiungo chake. Kichwa kinaweza kuwa cha fedha, cha mbwa aliyechongwa au cha simba, lakini kichwa ni pambo, tena hubadilishwa kwa urahisi. Kiungo hakibadilishwi kwa urahisi. Kuna viungo vya kubana tu, ambavyo hushikwa na ukaribu wa mti na chuma; kuna vya kuzungusha robo mzunguko, ambavyo jino dogo huingia katika mfereji; kuna vya skurubu; na kuna vya kifungo, ambavyo ukibonyeza kifungo kilichofichwa kwenye noleo, ulimi wa chuma hurudi nyuma na kamani (springi) husukuma kilichomo. Fundi wa zamani alitaka kiungo kisionekane, kwa hiyo alikiweka chini ya noleo, au kwenye pingili ikiwa fimbo ni ya mwanzi. Ukikipitishia ukucha, ukucha haukwami. Na ndani, mahali ambapo chuma kimeingia na kutoka maelfu ya mara, mti umelainika na kung'aa upande mmoja zaidi ya mwingine, kwa kuwa hakuna mtu anayevuta kitu akiwa amenyooka kama rula.

Zile za bandia zinajitangaza. Siku hizi zinauzwa kwa wingi fimbo zenye kichwa kikubwa cha shaba, ndani yake dira au darubini, mwili wake ukiwa umekatwa vipande vitatu vinavyofungwa kwa skurubu ili ziingie katika boksi fupi. Nyingi hutengenezwa India kwa ajili ya watalii, na hakuna ubaya zikiuzwa kwa jina lake. Ubaya ni muuzaji kuipaka moshi na kuiita ya mwaka 1880. Mimi mwenyewe nilitozwa fedha nyingi kwa moja ya namna hiyo, na nilimkasirikia muuzaji kwa wiki nzima, kabla ya kutazama chuma cha chini na kujikasirikia mwenyewe. Fimbo iliyotembelewa hugusa ardhi kwa mshazari, kwa hiyo chuma cha mguuni huliwa upande mmoja. Changu kilikuwa kimesagwa kwa tupa pande zote sawasawa, duara kamili kama kizibo. Tangu siku hiyo sinunui kwa picha za simu. Waliosema fimbo ya mbali haiui nyoka hawakuwa wakiwazungumzia wakusanyaji, lakini wangeweza.

Mihuri ya fedha husaidia, ila kwa kiasi chake. Kwenye noleo la Kiingereza tafuta simba anayetembea, ambaye maana yake ni fedha yenye sehemu 925 kati ya 1,000, kisha alama ya mji, kichwa cha chui kwa London au nanga kwa Birmingham, na herufi moja inayotaja mwaka. Kumbuka kwamba mihuri hiyo inataja umri wa noleo tu. Noleo la 1890 likikaa juu ya mti wa juzi halizeeshi mti huo, na masonara wetu wa mjini wana mikono hodari kupita kiasi.

Hali ya hewa ya Dar es Salaam ni adui ambaye vitabu vya Ulaya havimtaji. Masika, mti hunywa unyevu na kuvimba. Ukifika wakati wa kipupwe hunywea. Na chumvi ya baharini hufanya kazi yake juu ya chuma mwaka mzima. Nilikuwa na bakora ya upanga, bapa lake lenye pembe tatu na nchani jembamba kama sindano ya magunia, ambayo nilikuwa naifungua kila mwezi ili kulifuta. Mwaka mmoja niliisahau kuanzia Januari, nikaja kuikumbuka katikati ya Aprili, na haikutoka. Badala ya kusubiri, nikaibana kwenye jiriwa, nikavuta. Henzirani ilipasuka kuanzia kwenye noleo kwenda chini, ufa wa sentimita 11, kwa mlio ambao bado nausikia. Sababu ni rahisi kueleza sasa: kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, na mti uliovimba hubana kuelekea ndani, kwa hiyo bapa lilikuwa limeshikwa kutoka pande mbili. Ilinipasa tangu mwanzo kutia tone la mafuta mepesi kwenye kiungo, kuiweka mahali pakavu penye joto kidogo, na kuiacha wiki tatu. Ufa niliuziba kwa gundi na uzi, na unaonekana.

Kwa matunzo ya kawaida natumia nta ya nyuki ya Tabora kwenye mti, kidogo sana, na mafuta ya cherehani kwenye kamani na bawaba, tone moja kwa ncha ya sindano. Mafuta ya nazi yasikaribie. Huganda, hukusanya vumbi, na baada ya mwaka ulimi wa kifungo haurudi tena. Bungua, mdudu atoboaye mti, ndiye wa kuogopwa zaidi. Ukiona unga mweupe sakafuni chini ya fimbo, itenge na nyingine siku hiyo hiyo.

Kuna mambo mawili ambayo siyakusanyi. La kwanza ni bakora za bunduki. Kampuni ya Remington ya Ilion, New York, ilizitengeneza kwa hataza (hati ya haki ya uvumbuzi) ya John F. Thomas ya mwaka 1858, mwili ukiwa umefunikwa kwa gutapacha, utomvu mgumu wa mti wa Asia. Ukivuta mpini nyuma, kilengeo huinuka chenyewe, na kifungo cha chini ndicho kifyatulio. Ni kazi ya ufundi wa hali ya juu, nami nimeifurahia katika picha, lakini bunduki ni bunduki hata ikivaa umbo la fimbo, na hapa nchini silaha zina sheria yake ya mwaka 2015. Hata panga zina masharti kwingineko: Uingereza imekataza biashara ya bakora za upanga tangu 1988, isipokuwa zilizozidi umri wa miaka 100. La pili ni pembe za ndovu. Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza mwaka 1989 kwamba tembo wa Afrika awekwe katika Kiambatisho cha Kwanza, orodha yenye ulinzi mkali kuliko zote, cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea iliyo hatarini, na sioni kwa nini nijitafutie kesi kwa ajili ya mpini. Ukikatwa mkingamo, mpini wa pembe ya ndovu una mistari inayopishana kama wavu. Wa mfupa una vidoa vidogo vyeusi. Na wa seluloidi, plastiki ya zamani iliyotumiwa sana kuigiza pembe, ukiusugua kwa kidole gumba hadi upate joto hutoa harufu ya kafuri. Wateja wawili wameondoka dukani kwangu wamenuna baada ya kusugua.

Iliyo mezani wiki hii ni fimbo ya mnywaji. Mpini wake wa mbao unafunguka kwa skurubu, ndani ya mwili kuna kichupa kirefu cha kioo chenye unene wa kidole, kizibo chake cha asili bado kipo ingawa kimekauka na kuwa kama makaa. Ndani ya mpini kuna shimo la mviringo lenye kitambaa cha mahameli, kipenyo chake milimita 24, ambamo kilikaa kibilauri ambacho hakipo. Nimekwisha kujaribu vifuniko vya manukato vya Kariakoo, vikombe vya kupimia dawa ya kikohozi, na glasi moja ya taa ya zamani niliyoikata mwenyewe, ambayo iliingia vizuri lakini ikakataa kutoka.