Udaktari Marekani si lazima digrii ya baiolojia

Wengi tunaamini ukitaka kusomea udaktari Marekani lazima digrii ya kwanza iwe baiolojia, na inaeleweka, huku Bongo PCB (fizikia, kemia na baiolojia za kidato cha tano na sita) ndo mlango wenyewe. Kule unaweza ukasoma hata historia au muziki, bora uwe umepiga na baiolojia, kemia ya kawaida, kemia ogania na fizikia, mara nyingi mwaka mmoja mmoja pamoja na maabara zake, na vyuo vingi siku hizi vinataka biokemia pia. Kinachokwamisha watu ni foleni ya kemia aisee, ya kawaida kwanza, afu ogania, afu biokemia, huwezi kuruka, kwahiyo ukianza mwaka wa tatu wa digrii, hesabu ya muda inakataa. Fungua ukurasa wa udahili wa kila chuo unachokitaka, weka transkripti yako pembeni, piga tiki kozi moja moja, maana masharti hayafanani.