Vyeti kumi na saba: kozi za mtandaoni na ombi la kusomea udaktari

Juzi baada ya swala ya alasiri, kijana mmoja wa Langoni, mtaa wa hapa Lamu, alinijia barazani, kalikumbatia faili la plastiki kama mtu aliyebeba hati ya shamba. Ndani mlikuwa na vyeti kumi na saba vya kozi za mtandaoni, vimechapishwa kwa rangi na kutiwa lamineti saibani. Anataka kusomea udaktari, na mamake ameuza kidani ili baadhi ya vyeti hivyo vilipiwe. Nikavipitia kimoja kimoja: fiziolojia ya mwanadamu, saikolojia, lishe, uongozi, usimamizi wa miradi, hata kimoja cha kuishi kwa furaha. Nikageuza risiti ya stima iliyokuwa karibu, nikampa pamoja na kalamu.

"Hebu nichoree nefroni, mwanangu, kile kichujio kidogo cha ndani ya figo."

Akatabasamu. Alipoona mimi sitabasamu, akachora kitu kama harage, akaachia hapo.

Cheti chake cha fiziolojia kinasema alipata asilimia 96. Sikumlaumu. Kila mtu amemwambia cheti ni cheti, hasa wale wanaotoza pesa kuwatumia watoto wa watu maombi ya ng'ambo. Mimi ni daktari, nafanya kazi hapa Lamu, na kwa misimu kadhaa nimekuwa miongoni mwa wasomaji wa maombi ya ufadhili ya wanafunzi wa tiba. Nataka niseme mafaili haya yanavyosomwa upande wa pili wa meza, kwa sababu naona vijana wetu wanamwaga maji kwenye mchanga.

Tuanze nyumbani, maana hapa jibu ni fupi. Ukiomba udaktari kwa njia ya KUCCPS, ile idara inayogawa nafasi za vyuo Kenya, hakuna mtu atakayefungua faili lako. Kinachohesabiwa ni alama za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, hususan yale masomo manne ya klasta, yaani kundi la masomo yanayotakiwa na kozi unayoomba, ambayo pointi zake hukokotolewa hadi kilele cha 48. Kompyuta haijui kwamba ulikesha usiku kucha ukisoma neurosayansi ya Duke University, na haitaki kujua. Kwa hivyo mtoto wa kidato cha nne anayeziacha hesabu zake za moli ili amalize kozi ya uongozi anajichimbia kisima asichokuwa na kamba ya kutokea. Kama mtihani bado uko mbele yako, kozi yenye maana ni ile inayokufundisha kemia inayokushinda. Khan Academy wanaifundisha bure, taratibu, unairudia mara kumi usipoelewa. Vyeti hawatoi, na hilo si kasoro hata kidogo.

Faili hufunguliwa kwingine. Uingereza maombi hupitia UCAS, ofisi moja inayopokea maombi ya vyuo vya huko, na kuanzia kwa walioomba kuingia chuo 2026, ile barua ndefu ya kujieleza imegeuzwa kuwa maswali matatu: kwa nini unataka somo hili, masomo yako yamekuandaa vipi, na nje ya darasa umefanya nini. Majibu yote matatu kwa pamoja yasizidi herufi 4,000, na nafasi kati ya maneno zinahesabiwa. (KCSE peke yake kwa kawaida haikufikishi kwenye udaktari wa huko, wengi hupitia A-level, mitihani ya mwisho ya sekondari ya Kiingereza, au mwaka wa msingi kwanza.) Marekani ni safari nyingine: shahada ya kwanza, kisha mtihani wa kuingilia vyuo vya tiba, MCAT, kisha fomu ya pamoja ya maombi, AMCAS, yenye nafasi 15 za shughuli. Kozi ya mtandaoni isiyo na krediti za chuo haigusi wastani wa alama zako kule. Ikipata mahali, ni kwenye shughuli. Na vyuo vingi vya tiba vya Marekani havipokei kabisa wanafunzi kutoka nje, basi uliza hilo kabla ya kuuza kidani cha mtu. Karibu na sisi zaidi kuna University of Global Health Equity, kule Butaro nchini Rwanda, chuo kilichoanzishwa na shirika la afya la Partners In Health mwaka 2015. Huko mwombaji huandika na huhojiwa. Bodi za ufadhili nazo ni hivyo hivyo.

Sasa huyo anayesoma anatafuta nini? Niseme langu. Cheti kikiwa peke yake kinaniambia jambo moja tu: ulikuwa na intaneti. Nikiona viwili, naendelea kusoma. Nikiona kumi na saba, naanza kujiuliza mtu huyu alipata wapi muda wa kusoma hata kimoja, na siku hizi ambapo programu ya kwenye simu inaweza kujibu maswali ya jaribio zima huku wewe unakunywa kahawa, shaka yangu imeongezeka. Ninachotafuta ni alama ya meno. Nataka nione mahali ulipong'ata kitu kigumu.

Mwaka juzi alikuja binti mmoja wa Shela. Cheti hana hata kimoja. Kozi ya jenetiki aliyokuwa akiifuata aliikatiza wiki ya tano, kwa sababu bando liliisha na simu yenyewe ni ya kakake, ambaye aliondoka nayo baharini. Alichokuja nacho ni daftari la mistari, lile la kurasa mia moja, limeingia mafuta ya taa pembeni.

Shangazi yake ana watoto wawili na wote wawili wana sikoseli. Kwenye kliniki walimweleza kwamba yeye na mumewe kila mmoja amebeba jeni moja ya ugonjwa, na kwamba uwezekano wa kupata mtoto mgonjwa ni robo. Binti akaenda nyumbani na hiyo robo, ikamkosesha usingizi. Robo ya watoto wawili ni nusu mtoto. Itakuwaje basi waumwe wote? Mtaani jibu lilikuwa tayari: kijicho, kuna mtu kamuonea gere yule mama. Yeye akafungua kozi.

Daftarini alikuwa amechora mraba wenye vyumba vinne. Juu ameandika A na S, za baba, A ikiwa jeni ya kawaida na S ya ugonjwa. Ubavuni A na S, za mama. Ndani: AA, AS, AS, SS. Hadi hapo ni kazi ya shule, kila mtu anaichora. Lakini chini yake palikuwa na kurasa tatu za kufutafuta na kuandika upya, halafu pakaja sentensi iliyopigiwa mstari mara mbili: *kete hairudi mfukoni na kumbukumbu*. Maana yake, kila mimba inarushwa upya. Mtoto wa kwanza kuwa mgonjwa hakumpunguzii wala kumuongezea wa pili. Kisha akazidisha: robo mara robo, moja ya kumi na sita.

"Daktari," akaniambia, "ukizikusanya nyumba kumi na sita zenye wazazi kama hawa na watoto wawili wawili, kwa makadirio moja itakuwa kama ya shangazi. Hapana aliyemfanyia kitu."

Nilimuuliza kama amemwambia shangazi mwenyewe. Akasema amemwambia, na shangazi alilia, kisha akamtaka arudie ile hesabu mbele ya mume.

Hiyo ndiyo alama ya meno. Hapakuwa na cheti, wala kozi haikuwa imekwisha, na bado alikuwa mbele ya wengi waliowahi kuniletea mafaili. Nikampa kidogo cha kuongezea. Nikamwambia kuhusu Anthony Allison, daktari aliyekulia hapa Kenya, ambaye mwaka 1949 alikusanya sampuli za damu nchini akaona wenye kubeba jeni ya seli mundu, ndiyo hiyo sikoseli, wako wengi Pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na wachache nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: aliyebeba jeni moja hupata kinga dhidi ya malaria, ndiyo maana jeni hiyo haikupotea mahali penye mbu. Nikamwambia pia kwamba hapo Kilifi tu, kwenye kituo cha utafiti wa tiba cha KEMRI ya Kenya na Wellcome Trust ya Uingereza, kilichoanza 1989, wametibu watoto wenye ugonjwa huu ndani ya jaribio la dawa ya hydroxyurea, Kilifi ikiwa mojawapo ya vituo vinne Afrika, na matokeo yakachapishwa 2019. Alikuwa hajui. Alidhani sayansi ya sikoseli iko mbali, nayo iko mwendo wa basi.

Aliirudia kozi akaimaliza, ndiyo, na cheti akakipata. Katika ombi lake kozi ilichukua nusu sentensi. Shangazi na nyumba kumi na sita walichukua sentensi zilizobaki, bila jina la shangazi wala la watoto. Hili la majina nalisisitiza: jamaa yako ni mgonjwa wa mtu, na msomaji akiona umeanika siri zake ataogopa utakavyowafanyia wagonjwa wako.

Nisijifanye nilizaliwa nikijua haya. Miaka ya nyuma nilimshauri kijana mmoja wa Pate aorodheshe kozi zake zote kumi na moja, kwa majina kamili na tarehe. Nilidhani wingi utawatisha wakubwa. Alipoitwa kuhojiwa, kwenye chuo ambacho sitakitaja, mmoja wao akachagua kozi ya maadili ya tiba akamuuliza: ni jambo gani ulikuwa ukiliamini kabla ya kozi hii, na baada yake hukuliamini tena? Kijana akajibu kwamba kozi ilikuwa nzuri na amejifunza mengi. Alinipigia simu akiwa bado kwenye ngazi za jengo lile. Nafasi hakupata. Orodha ile niliiandika mimi, naye akaenda kuibebea dhamana.

Swali la aina ile si ajabu siku hizi. Vyuo vingi vinatumia mahojiano ya vituo, mtindo ulioanzia McMaster University kule Kanada: unazunguka chumba hadi chumba, dakika chache kila kimoja, hapa mtu anakupa kisa cha mgonjwa anayekataa kuongezewa damu, pale unamtuliza jamaa mwenye hasira. Hapo kozi ya maadili inafaa kweli, mradi umegombana nayo. Isome pamoja na mwenzio, mmoja ashike upande huu na mwingine ule, halafu mbadilishane.

Mtu akiniuliza achague ipi, huwa nasema takwimu, na huwa wananuna. Wanataka moyo na ubongo. Lakini daktari asiyejua maana ya robo ni hatari, na takwimu ni somo ambalo huku kwetu unaweza kulishika kwa mikono. Chukua matende na busha. Pwani yetu imekuwa kwenye orodha ya maeneo yanayogawiwa dawa za kumeza kwa pamoja. Soma kozi fupi ya epidemiolojia, elimu ya jinsi magonjwa yanavyoenea, kisha msimu wa ugawaji ukifika muombe mhudumu wa afya ya jamii mfuatane nyumba kwa nyumba, umsaidie kuandika daftari. Utakutana na mzee atakayekuuliza kwa nini ameze dawa na yeye haumwi. Ukiweza kumjibu kwa Kiamu, akakuelewa, kwamba minyoo inaweza kuwamo damuni bila dalili yoyote na mbu akaichukua kwake akampelekea mjukuu, basi una jambo la kuandika. Andika tu, sindano usiguse. Kuna vijana hujisifu kwenye maombi kwamba walishona vidonda wakiwa na miaka kumi na saba. Wanadhani ni ushujaa, na msomaji anaona mtu asiyejua mipaka yake.

Kijana wa Langoni tulibakiza vyeti viwili kati ya kumi na saba. Cha fiziolojia, kwa sharti airudie sehemu ya figo, na cha lishe, kwa sababu ilibainika kwamba bibi yake ana kisukari na yeye ndiye anayempimia sukari kila asubuhi, jambo ambalo hakuona haja ya kulitaja popote.

Kuhusu pesa. Kozi nyingi za Coursera na edX, yale majukwaa makubwa ya kozi za mtandaoni, zina njia ya kusikiliza masomo, yote au baadhi, bila kulipa. Kinacholipiwa zaidi ni cheti. Coursera wana fomu ya kuomba msaada wa ada, unaeleza hali yako kwa maneno yako, na jibu huchukua wiki mbili au zaidi, hivyo omba mapema. Shirika la Afya Duniani nalo lina kozi za bure, fupi na nzuri. Video pakua penye waifai ya mtu, tazama nyumbani bila bando.

Na jina lako. Hili laonekana dogo lakini limeshawatoa watu jasho. Sisi huku mtu mmoja ni Mohamed kwenye kitambulisho, Muhammad kwenye cheti cha kuzaliwa, Mohammed shuleni. Mwanaisha leo, Mwana Aisha kesho. Jisajili kwenye kozi kwa jina lile lile, herufi kwa herufi, lililo kwenye pasipoti au cheti cha mtihani. Kulibadilisha baadaye inawezekana, ila utaandikiana barua pepe na watu wasiojua kwa nini herufi moja ni tatizo.

Wanaoomba Uingereza wakumbuke kuwa udaktari una tarehe yake ya mapema kuliko masomo mengi: 15 Oktoba, saa kumi na mbili jioni ya kwao. Kwetu hiyo ni saa mbili usiku, na saa mbili usiku ndipo stima ya Lamu hupenda kutuaga. Tuma tarehe 12.