Taroti na upigaji ramli: dhana potofu na ukweli

Karata za taroti, seti ya karata zenye picha ambazo wengi huzitumia kupigia ramli, zimezungukwa na madai mengi, na la kushangaza ni kwamba wanaoziamini na wanaozilaani mara nyingi hukubaliana juu ya madai yaleyale: kwamba ni za kale mno, kwamba zina nguvu zake zenyewe, na kwamba zikifunguliwa ni lazima zitaje yajayo. Hata hivyo, historia ya karata hizi imehifadhiwa vizuri kuliko wengi wanavyodhani, na anayeifuatilia hugundua kwamba maana nyingi zinazosomwa leo ziliwekwa na watu wanaojulikana kwa majina.

Dhana: Taroti ni hekima ya siri iliyotoka Misri ya kale

Dhana hii ndiyo iliyoenea kuliko zote, na aliyeianzisha anajulikana. Mwaka 1781 mwanazuoni wa Kifaransa, Antoine Court de Gébelin, alichapisha insha iliyodai kwamba karata hizo ni mabaki ya kitabu cha makuhani wa Misri. Hakutoa ushahidi, wala asingeweza kuutoa, kwa kuwa wakati huo hapakuwa na mtu yeyote aliyeweza kuyasoma maandishi ya Wamisri wa kale. Jean-François Champollion alitangaza ufumbuzi wake mwaka 1822, miaka 41 baadaye.

Nyaraka zinaelekeza kwingine kabisa, kaskazini mwa Italia katika karne ya 15. Karata hizo zinatajwa Florence mwaka 1440, na seti zilizochorwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu kwa ajili ya watawala wa Milan zipo hadi leo, ingawa baadhi ya karata zake zimepotea. Zilikuwa karata za kuchezea. Seti ya kawaida ina karata 78: 56 zimegawanyika katika makundi manne ya vikombe, panga, fimbo na sarafu, na 22 zilizobaki, zenye picha kama Jua, Mnara na Mpumbavu, karibu zote zilikuwa turufu, yaani karata zinazokula karata nyingine. Mchezo huo bado unachezwa Ufaransa na Austria, na wachezaji wake hawaulizi karata kuhusu ndoa wala kazi.

Kuna kejeli ndogo hapa. Karata za kuchezea kwa jumla ziliingia Ulaya katika karne ya 14 kutoka nchi za Kiislamu, na seti ya zama za Mamluki, masultani waliotawala Misri, iliyohifadhiwa katika jumba la Topkapi, Istanbul, ina vikombe, panga, sarafu na fimbo za mchezo wa polo. Misri, basi, ina sehemu yake katika habari hii, lakini ni Misri ya masultani, na karata zake hazikuwa na zile 22.

Dhana: Kila karata ina maana moja iliyokuwapo tangu mwanzo

Kutumia taroti kwa kubashiri kulishika mizizi katika karne ya 18, na aliyeeneza utaratibu wake ni Mfaransa Jean-Baptiste Alliette, aliyejiita Etteilla na kuchapisha mafunzo yake mwaka 1785. Seti inayotambulika zaidi leo ni changa hata kuliko hiyo: ilitolewa London mwaka 1909, ikiwa imebuniwa na Arthur Edward Waite na kuchorwa na Pamela Colman Smith.

Tuchukue karata ya Panga Tatu. Katika seti za mtindo wa Marseille, ule wa zamani wa Ufaransa, inaonyesha panga mbili zilizopinda na moja iliyonyooka katikati, basi. Ni hesabu tu, kama tatu ya shupaza. Smith aliweka moyo mwekundu uliochomwa na panga tatu, mawingu na mvua nyuma yake. Msomaji wa leo anayeifungua na kusema kwamba mteja amevunjwa moyo anaisoma picha hiyo.

Dhana: Karata ya Kifo hutangaza kifo

Wasomaji wengi wa taroti wenyewe huifasiri kuwa ni mwisho wa jambo na mwanzo wa jingine, na katika mchoro wa 1909, nyuma ya mifupa iliyopanda farasi mweupe, jua linaonekana kati ya minara miwili. Hesabu nayo inatosha kutuliza hofu. Anayepanga karata 10 kati ya 78 ana uwezekano wa takriban asilimia 13 wa kuipata, yaani karibu mara moja katika kila mara nane. Msomaji mwenye wateja wanane kwa siku ataifungua kwa wastani mara moja kwa siku.

Dhana: Seti ya kwanza ni lazima upewe zawadi

Haina msingi wowote katika historia ya karata. Seti za kununua zimekuwapo kwa karne nyingi.

Dhana: Msomaji akisema kweli tupu, karata zimethibitika

Mwaka 1948 mwanasaikolojia wa Kimarekani Bertram Forer aliwapa wanafunzi wake 39 maelezo ya tabia, kila mmoja akiamini kwamba yameandikwa kwa ajili yake peke yake. Wakayapa wastani wa alama 4.26 kati ya 5. Wote walikuwa wamepewa maelezo yaleyale, yaliyonyofolewa katika kitabu cha unajimu. Sentensi kama “kuna jambo uliloliacha njiani na bado linakusumbua” humkaa karibu kila mtu, na msikilizaji ndiye anayeijaza. Msomaji si lazima awe mwongo. Naye huona mteja akiitikia kwa kichwa, na anazidi kuamini.

Dhana: Kupiga ramli kokote ni kutabiri yajayo

Hapa wapinzani nao hukosea. Ifa, ramli ya Wayoruba wa Afrika Magharibi, ina alama 256, kila moja na beti zake, na Yi Jing, kitabu cha kale cha ramli cha Wachina, ina michoro 64. Zote mbili huulizwa zaidi juu ya lipi la kufanya sasa. Katika Ifa, babalawo, yaani kuhani anayepiga ramli hiyo, hukariri beti za alama iliyotokea, na kwa desturi mteja ndiye anayetambua ubeti unaomhusu. Wapo pia wasomaji wa taroti wasiodai kujua ya kesho, wanaotumia picha kumfanya mtu aseme lililomkaa moyoni. Matumizi hayo yanaweza kumsaidia mtu kufikiri bila kuthibitisha kwamba karata zinajua chochote. Iwapo dini ya mtu inayakataza, hilo ni suala la imani, wala halihitaji uzushi wa kihistoria ili kusimama.

Dhana: Karata zinaweza kufichua laana, na msomaji akaiondoa

Katika karata 78 hakuna hata moja ya laana. Anayeiona ameileta mwenyewe, na mtindo wake ni uleule nchi kwa nchi: malipo ya kwanza ni madogo, kisha anapata habari mbaya, kisha anataka fedha za mishumaa au kafara, kisha kiasi kinapanda kwa sababu laana “imekuwa ngumu”, na mteja anaagizwa asimwambie mtu wa nyumbani kwake. Agizo hilo la mwisho ndilo la kuangalia kuliko yote, kwa sababu ndugu mmoja anayeuliza maswali ya kawaida huweza kuuvunja mtego huo.