Hajachanga, lakini njia ni yake

Mnyororo ulifungwa usiku. Asubuhi dereva wa boza la maji akakuta mirunda miwili imechimbiwa huku na huku mwanzoni mwa njia, mnyororo umevutwa katikati, na kufuli juu yake. Funguo zilikuwa tatu. Nyumba zinazotumia njia ile ni nne.

Aliyenyimwa ufunguo ni mzee anayeishi mwisho kabisa wa njia, mteremko unakoishia. Kwenye daftari la michango ya kutengeneza njia jina lake lipo, ila safu ya malipo iko tupu kwa misimu miwili. Wenzake walishamfuata mara kadhaa na jibu likawa lile lile: "Mimi gari sina. Nimenunua hapa 1998, nimeikuta njia ya miguu, na miguu bado ninayo."

Huo ni mtaa wa pembezoni mwa Dar es Salaam, lakini msomaji wa Mwanza au Arusha naye anaujua. Mtu alikuwa na shamba, akalikata vipande, akauza kimoja kimoja, katikati akaacha njia. Wanunuzi wakajenga. Hakuna greda la serikali linalofika, na kila masika yakikaribia majirani wanachangishana kifusi. Waliofunga mnyororo walikuja kwenye kituo chetu cha msaada wa kisheria wakitaka tuwaandikie barua ya kumdai mzee. Ilibidi tuanze kwa kuwaambia wakafungue kufuli.

Walikuwa wamechanganya mambo mawili. Haki ya kupita ni jambo moja, deni la mchango ni jambo lingine kabisa, na kila moja lina mlango wake.

Sheria ya Ardhi, Na. 4 ya 1999, inatambua haki ya mwenye kiwanja kutumia ardhi ya mwenzake kwa jambo maalumu, kama vile kupita au kupitisha maji. Haki hiyo imeshikamana na kiwanja, si na mtu. Mzee akiuza kesho, mnunuzi atapita. Akifariki, watoto wake watapita. Haifutiki kwa sababu mwenye nayo ni mbishi au mkono wake mzito. Deni la mchango, kwa upande wake, ni suala la makubaliano: nani aliahidi nini, kiasi gani, mbele ya nani. Hapo inayotazamwa ni Sheria ya Mikataba, na mdai akikosa suluhu anakwenda Mahakama ya Mwanzo kudai fedha. Anayedai fedha kwa kufunga njia anajigeuza mdaiwa, kwa sababu mwenzake anaweza kwenda kuomba zuio, yaani amri ya kukataza njia isifungwe, na kikao kizima kikawa cha kuuliza kufuli ni la nani.

Mzee naye asichekelee. Haki ya kupita haimpi mtu barabara iliyochongwa na kumwagiwa moramu. Nilipomuuliza, "Mzee wangu, lile boza lililojaza tangi lako juzi lilipita wapi?" alikaa kimya kidogo, kisha akasema gari ni la dereva. Hoja ya "sina gari" huwa inaishia hapo, kwenye maji, kwenye gesi, kwenye mchanga wa kujengea, kwenye gari la zimamoto ambalo hakuna anayependa kulifikiria.

Lakini kabla ya kubishana nani alipe, hakikisheni kwanza kwamba njia ni yenu kweli. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkaulize kama eneo lina mchoro wa mipango miji au ramani ya upimaji. Kama njia imechorwa humo kuwa barabara, si mali ya jirani yeyote, hakuna ruhusa ya kuweka geti kwa hiari yenu, na anayehusika nayo ni TARURA, wakala ulioanza kazi mwaka 2017 kusimamia barabara za vijijini na mijini. Mnaweza bado kuchanga, maana bajeti ina foleni ndefu, ila mhusisheni meneja wake wa wilaya kabla hamjaanza kuchimba mitaro. Kama mtaa upo kwenye urasimishaji wa makazi, huo ndio wakati wa kuhakikisha njia inaingia kwenye mchoro. Urasimishaji ukipita nanyi hamjasema kitu, kurekebisha baadaye ni kazi.

Kama haimo kwenye mchoro wowote, ushahidi wenu ni hati za mauziano. Zitoeni zote mzilinganishe. Mara nyingi ya kwanza inasema "mashariki imepakana na njia," ya pili inasema "njia hatua sita," ya tatu haisemi kitu. Hatua za nani? Muuzaji mrefu na muuzaji mfupi hawatoi barabara ya upana mmoja. Kama muuzaji bado yu hai, mleteni na futi kamba, mpime kwa mita mbele ya mwenyekiti wa mtaa na majirani wa mipaka, muandike, wote wasaini. Fanyeni hivyo akiwa bado anakumbuka.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo urafiki unapovunjika. Wale majirani walikuwa wametumia fedha misimu miwili kwa kifusi peke yake. Njia yao ina urefu wa kama mita 200 na upana wa mita 4. Kuitandika moramu ya sentimita 15 iliyoshindiliwa kunahitaji mita za ujazo 120, na kwa kuwa moramu hupungua inaposhindiliwa, hesabia kama 150 inapotoka machimboni. Hizo ni tipa kumi za mita 15. Wao walileta tatu, wakamwaga kwenye mashimo, wakasambaza kwa koleo. Mvua ya kwanza ikabeba.

Barabara ya udongo inauawa na maji kuliko magari. Inatakiwa iwe na mgongo: kwa upana wa mita 4, katikati pawe juu kuliko pembeni kwa kama sentimita 10, maji yateremke mtaroni yasikimbie katikati. Na mtaro uwe wazi hadi mwisho. Tulipotembea nao, tulikuta jirani wa pili amejenga sakafu ya zege mbele ya geti lake, nzuri sana, imefunika mtaro wote bila bomba chini. Maji yakifika pale yanapanda barabarani. Korongo lote lililochimbika kutoka hapo kushuka lilikuwa zawadi ya ile sakafu. Naye ndiye aliyekuwa ameshika daftari la michango na alikuwa amelipa kila kitu kwa wakati.

Kwa hiyo yupo aliyelipa huku anaharibu, na yupo asiyelipa ambaye hajaharibu chochote. Daftari la michango halina safu ya hayo.

Mgawanyo wenyewe unaweza kufanywa kwa njia kadhaa. Tuseme kazi ni shilingi 2,400,000 na nyumba nne zimepangana kila baada ya mita 50. Mkigawana sawa, kila mmoja ni 600,000, na wa kwanza atalalamika kwamba anatumia mita 50 tu. Mkigawana kwa kipande, yaani kila mita 50 zilipwe na wale wanaozipita, wa kwanza atalipa 150,000, wa pili 350,000, wa tatu 650,000 na wa mwisho 1,250,000. Ni haki kwenye karatasi, ila yule wa mwisho hatalipa, na mnyororo utarudi. Mimi hupendekeza nusu igawanywe sawa, kwa sababu vumbi na maji ni ya wote, na nusu kwa kipande. Hapo inakuwa 375,000, kisha 475,000, 625,000 na 925,000. Mwenye biashara inayoleta malori, kama kufyatua tofali au duka la vifaa vya ujenzi, aongezewe kwa makubaliano. Mwenye kiwanja kitupu anayeishi mbali atafutwe kwa simu na ajumlishwe, maana bei ya kiwanja chake inapanda kwa barabara hiyo hiyo. Sakafu za geti, kila mtu alipie bomba la kwake.

Mkishakubaliana, andikeni. Ukurasa mmoja unatosha: upana wa njia, kazi itakayofanyika, mgawanyo, nani anashika fedha, nani anasaini naye, tarehe ya mwisho, na kitakachofanyika mtu akichelewa. Kila anayelipa apewe stakabadhi. Jambo moja wengi wanalisahau: karatasi hiyo inambana aliyesaini. Haki ya kupita itahamia kwa mnunuzi mpya yenyewe, ila ahadi ya kuchanga haihamii hivi hivi. Kwa hiyo wekeni sharti kwamba anayeuza atamwonyesha mnunuzi makubaliano, na mnunuzi asaini yake siku ile ile ya hati ya mauziano. Nawe unayenunua, muulize muuzaji kama anadaiwa mchango wa njia, kama unavyouliza bili ya maji.

Ikishindikana, mwenyekiti wa mtaa ndiye wa kwanza kufuatwa. Kama ugomvi ni wa njia yenyewe, upana wake au kufungwa kwake, unakwenda Baraza la Kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021 baraza hilo halitoi hukumu ya ardhi, linasuluhisha tu. Likishindwa linatoa cheti, ndipo mnafungua shauri Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Siku 30 zikipita bila suluhu, mlalamikaji anaweza kuendelea hata bila cheti. Wapo wanaoruka hatua hii na kukimbilia wilayani. Shauri linarudishwa na ada imeshalipwa.

Kufuli lilifunguliwa siku ile ile, na mirunda ikang'olewa baadaye. Lakini fundi alipopima mteremko, ikaonekana mtaro hauna pa kumwaga maji isipokuwa kupitia ukingo wa shamba la mzee, hadi kwenye korongo la nyuma. Waliokuwa wamemfungia njia wakawa wanaomba njia kwake, na haki wanayoomba ni ya aina ile ile waliyomnyima: kutumia ardhi ya mwenzao kwa jambo maalumu.

Mzee aliwaacha waeleze mpaka mwisho. Akakubali kutoa mita moja na nusu ya upana, ihesabiwe kama sehemu kubwa ya mchango wake, mtaro ujengwe kwa mawe usile shamba, na usafishaji wake uwe wa wote. Akaongeza fedha kidogo za bomba, akadai stakabadhi, kisha akataka iandikwe kwenye makubaliano, kifungu cha peke yake, kwamba gari hana. Tukaandika.