Saint-Michel d'Aiguilhe: ukifika juu ya mwamba, anza kutazama wapi?

Wageni wengi wa Le Puy-en-Velay, Ufaransa, hupanda ngazi zote 268 za mwamba wa Aiguilhe, wakapiga picha za mji, wakachungulia dakika tano kanisa dogo la Saint-Michel d'Aiguilhe lililo kileleni, kisha wakashuka. Inasikitisha, maana kilicho bora kimo ndani, ila hakionekani kwa haraka.

Mwamba una urefu wa zaidi ya mita 80. Ni koo la volkano ya kale: kilichoganda ndani ya tundu kilikuwa kigumu, na udongo laini uliokizunguka ukaliwa na maji kwa muda mrefu mno. Mahali pa namna hii Wakristo wa zamani walimpa Malaika Mkuu Mikaeli, kama ilivyo Mont Saint-Michel kule Normandie.

Kabla ya kupanda, tazama kanisa dogo la Saint-Clair pale chini, lenye pande nane. Watu waliliita hekalu la mungu wa kike Diana. Si kweli: ni jengo la Kikristo la karne ya 12.

Ngazi zimechongwa mwambani na vimo vyake havilingani. Zikilowa huteleza, kwa hiyo vaa viatu vyenye soli ya kushika. Lifti hakuna. Ukiwahi asubuhi utapanda bila msongamano.

Mlangoni, simama. Juu kuna tao la mikunjo mitatu lililopambwa kwa mawe ya rangi mbalimbali, na chini yake nguva wawili (nusu mtu, nusu samaki) wamechongwa. Uso huu wa kanisa ni wa karne ya 12, wakati mahujaji wa kwenda Santiago de Compostela, Hispania, walikuwa wengi hapa. Mwanzilishi wa kanisa, Askofu Godescalc, alikwenda hija hiyo mwaka 950, kisha kanisa likajengwa miaka ya 960.

Ukiingia, subiri macho yazoee giza. Unapokanyaga kwanza ni sehemu ya karne ya 12. Kiini cha karne ya 10 kiko mbele yako, chumba kidogo cha mraba chenye altare. Wajenzi wa baadaye walikizungushia ukumbi wakifuata umbo la mwamba, ndiyo maana kuta zimepinda na nguzo ni fupi. Sasa inua macho kwenye dari la mraba ule: michoro imefifia, lakini utamwona Kristo katika utukufu wake, pamoja na jua na mwezi. Tochi ya simu haisaidii, huangaza plasta tu na kuwaudhi wanaosali.

Mwaka 1955, chini ya altare, vilipatikana vitu vitakatifu vya kale, ukiwemo msalaba mdogo wa Kibizanti (wa milki ya Kikristo ya mashariki). Vimewekwa humo humo nyuma ya nondo, wengi huvipita.

Hadithi inayopendwa zaidi ni ya msichana aliyesingiziwa uzinzi. Alijirusha kutoka juu kuthibitisha usafi wake, malaika wakamdaka. Akarudia, akapona tena. Mara ya tatu alijirusha kwa majivuno, akafa. Isome ukiwa kwenye kijia kinachozunguka kanisa, ukiutazama mteremko wenyewe. Ndipo utaelewa kwa nini ilizaliwa hapa.

Majira ya baridi saa za kufungua hupungua, na kuna vipindi hufungwa kabisa, basi hakikisha tarehe kabla ya kukata tikiti ya treni.