Je, wajua kwa nini bahari inakula ufuo Mombasa lakini Malindi inauongeza?

Disemba ikifika Nairobi inahamia pwani, SGR imejaa, mabasi yamejaa, na kila mwaka kuna wale wanaofika Malindi wanakuta maji ya kahawia kama chai ya maziwa wanaanza kulalamika ati hoteli iliwadanganya na picha. Hapana, picha ni za kweli, ni vile hao watu walipiga wakati mwingine wa mwaka. Na hayo maji ya kahawia ndo mlango wa kuelewa jambo ambalo mimi naona kila mkenya anafaa kulijua, kwamba kuna sehemu za pwani yetu bahari inameza ardhi, mivinje inaanguka mizizi ikiwa nje, watu wanajenga kuta mbele ya nyumba, alafu Malindi ni kinyume, ufuo unazidi kusogea mbele mpaka hoteli zilizojengwa karibu na maji sai mgeni anatembea mchanga mrefu na vilima vya mchanga ndo afike baharini. Bahari ni ile ile moja, sasa inakuaje?

Tuanze na wimbi lenyewe. Upepo ukivuma juu ya bahari muda mrefu na kwa eneo kubwa unayapa maji nguvu, na hiyo nguvu ndo inasafiri, maji yenyewe hayaendi mbali, yanazunguka pale pale yanapanda yanashuka. Wimbi likikaribia nchi kavu, kina kikapungua, linaanza kugusa chini, sehemu ya chini inachelewa na ya juu inaendelea mbio, linainuka linajikunja linapasuka. Mita moja ya ujazo ya maji ya bahari ni zaidi ya tani moja, na hilo pigo linarudiwa kila sekunde chache, mchana na usiku, miaka na miaka. Likipiga mwamba, maji yanabana hewa ndani ya nyufa, maji yakirudi ile hewa inafumuka kwa nguvu na ufa unapanuka. Mawe na mchanga uliobebwa na wimbi nao unasugua mwamba. Alafu mwamba wa pwani yetu sehemu kubwa ni chokaa ya matumbawe ya zamani, ambayo ilikuwa matumbawe hai miaka kama 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa, na chokaa inayeyuka polepole, na viumbe wadogo wanaitoboa wakitafuta chakula. Ukienda Watamu maji yakiwa yamekupwa angalia vile visiwa vidogo, vimeliwa chini kwenye usawa wa maji mpaka vimebaki na kichwa kikubwa juu ya shingo nyembamba. Siku moja shingo inashindwa na kipande kizima kinaanguka.

Kitu kingine ambacho watu wengi hawajui ni kwamba wimbi hupinda. Likikuta rasi imetokeza baharini, ile sehemu iliyo mbele ya rasi inagusa chini kwanza na kupunguza kasi, zile za pembeni zinaendelea, mwisho wimbi linaizunguka rasi na nguvu inakusanyika pale. Kwenye ghuba inakuwa kinyume, nguvu inatawanyika, maji yanatulia na yakitulia yanaacha mzigo wake. Kwa hivyo rasi zinaliwa na ghuba zinajaa mchanga, na ukiacha hiyo kazi iendelee muda mrefu bila kitu kingine kuingilia, pwani inaelekea kunyooka.

Sasa mchanga wenyewe haukai. Mawimbi mara nyingi hayaji wima, yanakuja kwa upande, kwa hivyo yanasukuma chembe za mchanga juu ya ufuo kimshazari, alafu maji yanarudi chini wima kwa sababu ya mteremko, wimbi lifuatalo linazibeba tena kimshazari, na hivyo hivyo chembe inatembea ufuoni bila kuonekana. Huo ndo mkondo wa kandokando ya pwani. Kwetu unaendeshwa sana na misimu miwili ambayo mabaharia wa Waswahili wameijua tangu zamani, kusi inayovuma kutoka kusini mashariki kuanzia kama Aprili mpaka Septemba au Oktoba na ndo yenye bahari chafu, na kaskazi inayovuma kutoka kaskazini mashariki kuanzia Disemba mpaka Machi. Kusi inasukuma mchanga kuelekea kaskazini, kaskazi inaurudisha. Kwa hivyo ufuo unaweza kuwa mpana Februari na mwembamba Julai na usiwe umeharibika, unapumua tu na msimu. Shida ni pale ambapo unaotoka hauwiani tena na unaoingia, ni kama laini yako ya M-Pesa, ukituma kila siku na hakuna anayekutumia, salio litaisha hata kama ulianza na pesa nyingi.

Kwa hivyo swali la maana ni moja, mchanga wa ufuo fulani unatoka wapi?

Diani ule mchanga mweupe laini sana ni mabaki ya viumbe, matumbawe yaliyosagika, makombe, mwani wenye chokaa, na pia kinyesi cha samaki, ndio, kinyesi. Samaki anaitwa pono anang'ata matumbawe na mawe yenye mwani, anasaga na meno ya kooni na kutoa chokaa ikiwa mchanga, na pono mkubwa anaweza kutoa mamia ya kilo kwa mwaka mmoja. Mwamba wa matumbawe ulio mbele ya ufuo pia ndo ngao. Utafiti uliokusanya matokeo ya nchi nyingi na kutoka mwaka 2014 ulikuta kwamba miamba ya matumbawe inapunguza nguvu ya mawimbi kwa wastani wa asilimia 97 kabla hayajafika ufuoni. Sasa fikiria 1998 wakati El Niño ilipopasha bahari joto na matumbawe mengi ya pwani yetu yakageuka meupe na kufa. Ukiua matumbawe umepoteza ukuta na umepoteza kiwanda cha mchanga kwa wakati mmoja, na hilo mimi linaniuma kuliko jengo lolote.

Malindi ni stori tofauti. Hapo kaskazini kidogo ya mji ndo mto Sabaki unaingia baharini, na Sabaki ni jina la mwisho la mto ambao huku juu tunauita Athi, ukipita Tsavo unaitwa Galana, na mto Nairobi, ule ule unaopita Gikomba na Korogocho, unaingia ndani ya Athi. Kwa hivyo udongo unaosombwa na mvua kutoka mashamba ya Kiambu, Machakos na Makueni unasafiri mpaka Malindi. Mto ukifika baharini kasi inaisha, mchanga unashuka karibu, tope jepesi linaelea mbali zaidi. Matumbawe hayapendi maji matamu wala tope, kwa hivyo mbele ya mdomo wa mto hakuna mwamba wa kukinga na mawimbi yanafika moja kwa moja, lakini mzigo wa mchanga ni mkubwa hivi kwamba badala ya kula yanakaa tu yakiupanga ufuoni, upepo unamalizia kwa kuujenga vilima, hasa upande wa Mambrui. Hata rangi inakuonyesha, mchanga wa Malindi si mweupe kama wa Diani, una chembe za madini yanayoitwa kwatzi na mika zinazong'aa, hizo ni za miamba ya bara.

Na sasa tunaelewa ile chai ya maziwa. Mvua za vuli zinanyesha Oktoba mpaka Disemba, mto unajaa, alafu kaskazi inaanza na kusukuma lile tope kusini, moja kwa moja kuelekea ghuba ya Malindi na hifadhi ya bahari iliyoanzishwa 1968. Kusi ikianza tope linaelekea kaskazini. Mgeni wa Disemba anaogelea kwenye udongo wa shamba la mtu Machakos.

Je, imekuwa hivi siku zote? Wanasayansi walichukua sampuli ya tumbawe kubwa la Malindi lenye rekodi ya miaka kama 300. Tumbawe hukua tabaka kwa tabaka, na udongo wa mto huacha madini ya bariamu ndani yake, kwa hivyo walipopima tabaka wakasoma mto ulikuwa unabeba udongo kiasi gani mwaka gani. Kuanzia 1700 hivi mpaka mwisho wa karne ya 19 mambo yalikuwa karibu sawa tu, alafu kuanzia mwanzo wa karne ya 20 udongo ukaanza kupanda na kuendelea kupanda, kadiri watu walivyoongezeka na ardhi ya juu ikalimwa na kukatwa miti. Ufuo mpana wa Malindi, kwa sehemu, ni rutuba iliyotupotea huku bara.

Mombasa haina mto mkubwa kama huo wa kuilisha. Fort Jesus ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 juu ya mwamba wa matumbawe, na maji yamekuwa yakila chini ya ule mwamba mpaka miaka ya karibuni ukajengwa ukuta baharini kuikinga. Kwa ngome ya kihistoria sina neno, hakuna namna ya kuisogeza. Lakini kila mwenye kiwanja akijenga ukuta wake mbele ya ufuo, wimbi linagonga linarudi na nguvu nyingi, linachimba mchanga ulio miguuni mwa ukuta, na jirani aliye upande ambao mchanga unaelekea anakosa ule uliokuwa unamfikia. Ndo unaona mtu mmoja amejenga na miaka michache baadaye mtaa mzima umejenga. Mikoko na mwamba hai vinafanya hiyo kazi bila kumpora jirani.

Na kuna lori. Kila siku mchanga unachotwa kwenye mito ya Ukambani unaletwa Nairobi kujenga ghorofa, na huo hautafika baharini kamwe. Ongeza bwawa la Thwake linalojengwa Makueni kwenye mfumo huo huo wa Athi, kwa sababu maji yakitulia bwawani mchanga unazama humo, na ndicho kimekuwa kikitokea kwenye mto Tana tangu bwawa la Masinga likamilike 1981. Tunahitaji maji na nyumba, hilo halina ubishi, ila mchanga ukipungua kwenye Sabaki mawimbi ya kusi hayatapunguza kasi yao, yataendelea kubeba kilichopo, na mahali pa kwanza kuonekana patakuwa ni ufuo wa Mambrui na Malindi.