VLAN ya sauti ni nini?

Ipindue simu ya mezani ya ofisini, zile zinazopiga kupitia intaneti, utakuta matundu mawili ya waya wa mtandao. Moja linakwenda kwenye swichi, kile kifaa kinachounganisha waya za mtandao wa ofisi, la pili kwenye kompyuta iliyo ubavuni. Maana yake sauti ya karani wa mapokezi na barua pepe zake zinapita waya mmoja. VLAN, yaani mtandao uliotengwa kwa nambari ndani ya waya na vifaa vile vile, ndiyo inayozitenga, na ile ya simu huitwa VLAN ya sauti: simu hubandika nambari, tuseme 20, kwenye kila pakiti (kifurushi kidogo cha data) ya sauti, na swichi ikiiona nambari hiyo haiichanganyi na za kompyuta. Waya mmoja, mitandao miwili. Nambari zenyewe ni 1 hadi 4094, kwa hiyo hazitokwisha.

Nyumba zetu za Mji Mkongwe zina baraza. Mgeni hupiga hodi, akakaa, akanywa kahawa, na ya ndani asiyaone. Waifai ya wageni hotelini nayo ikae barazani, yaani kwenye VLAN yake, mbali na simu. Niliwahi kuikuta nyumba ya wageni moja ambako mtalii akiwa na laptopu yake angeweza kufungua ukurasa wa mipangilio ya simu ya mapokezi, na neno la siri lilikuwa lile lile la kiwandani: admin.

Lakini nambari si kufuli, na hapa mafundi wengi hujidanganya. Mtu akichomoa simu, akachomeka laptopu na kujibandika 20, keshaingia. Akizinasa pakiti, programu ya bure inatosha kuzigeuza sauti ya kusikilizwa. Ndiyo maana mazungumzo yafichwe kwa SRTP, njia ya kuisimba sauti ambayo ipo tangu 2004, na maelekezo ya kupiga na kukata yapite kwa TLS, njia ya kuyasimba mawasiliano, kwa kawaida mlango 5061 badala ya 5060 (mlango ni nambari ambayo kifaa hupokelea mawasiliano ya aina fulani).

Wizi unaouma zaidi, VLAN haiuzuii peke yake. Wezi hupekua intaneti nzima wakitafuta mlango 5060 ulio wazi, wakabahatisha simu ya ndani nambari 101 yenye neno la siri 101, kisha wakapiga nambari za ghali za nje usiku kucha, hasa siku za Idi ofisi ikiwa imefungwa. Bili inakuja kwako. Mlango huo uruhusu anwani ya kampuni inayokupa laini tu, na simu za nje ya nchi zifungwe kwa wasiozihitaji. Ile ya kibandani kwa mlinzi, kwa mfano, ya nini kuweza kupiga Ulaya?